Korongo wa Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi

Mswada wa Kamusi umefika leo kwa basi la mchana, umefungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki kama nyama ya safari. Kamusi ni rafiki yangu tangu tukiwa na miaka kumi na mitatu. Siku hizi ni mwalimu na mwandishi, na mji anaoishi uko mbali nasi mwendo wa siku nzima. Jina hilo alipewa shuleni, kwa sababu alikuwa anajua maneno ambayo hata mwalimu ilibidi ayatafute. Hiki ni kitabu chake cha tano, na ndicho cha kwanza anachoniomba nikichoree. Michoro ishirini na minne, na mwisho wa mwezi wa tano kazi yote iwe kwa mchapishaji.

Barua yake inasema: "Ndugu yangu, nimekaa na hadithi hii miaka mingi. Ni ya utoto wangu, nimebadilisha majina tu. Sitaki mchoraji mwingine. Na tafadhali tusijadili kwenye simu, kazi ya karatasi ijadiliwe kwa karatasi." Ndivyo alivyo. Simu kwake ni ya kuulizia hali za watoto.

Nimejibu hapo hapo, kabla sijasoma hata ukurasa mmoja: "Nimekubali, wala usiniulize mara mbili." Nikaipeleka barua kituoni huku mvua ya kwanza ikianza kudondoka. Mke wangu alicheka. Alisema tangu anijue hajawahi kuniona nikikimbilia kazi.

Daftari hili ni la kuandika maendeleo. Mimi ni mtu wa mistari, si wa maneno, basi tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimesoma kurasa kumi na nane. Mtoto wa hadithi ana mguu mmoja mwembamba uliofungwa chuma, kama wa Kamusi. Nimecheka peke yangu mara nne. Jamaa anajua kuandika, hilo halina ubishi.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma ukurasa wa kumi na tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikufanya kitu. Leo niandike, kwa kuwa hakuna mtu wa kumwambia.

Ukurasa wa kumi na tisa unasema hivi. Mtoto anafika darasani asubuhi, wa mwisho kama kawaida kwa sababu ya mguu, na anasikia kicheko kabla hajaufikia mlango. Ubaoni kuna korongo aliyechorwa kwa chaki. Amesimama kama yule mtoto, kwa mguu mmoja, na mguu wa pili umefungwa chuma. Ukurasa wa ishirini, mtoto mtundu wa darasa anakamatwa mbele ya ubao, mikono imejaa vumbi la chaki, anachapwa mbele ya shule nzima. Tangu siku hiyo yule mwenye mguu anaitwa Korongo. Na hilo ndilo jina la kitabu.

Yote yalitokea. Kamusi hakubuni chochote. Ila aliyekamatwa siye aliyechora. Nilichora mimi.

Sikuwa na chuki naye. Hata urafiki hatukuwa nao bado. Mchana wa siku ile nilimwona kwenye foleni ya maji, ameupumzisha ule mguu, amenyoosha shingo aone foleni imefika wapi, nami nikaona korongo. Jioni nikabaki darasani peke yangu na kipande cha chaki. Mkono ulikwenda wenyewe, dakika kumi hazikufika. Nilipomaliza nilirudi nyuma hadi ukutani, nikautazama mchoro, nikatabasamu. Ulikuwa mzuri. Nimechora miaka thelathini na miwili tangu siku ile, nimesifiwa na watu wenye akili zao, na bado sidhani kama nimewahi kupata tena mstari kama ule wa shingo. Hilo linanitia aibu kuliko mengine yote.

Asubuhi yake nilikaa dawati la tatu, kimya. Masikio alichapwa fimbo kumi na mbili nami nikazihesabu. Tulimwita Masikio kwa sababu Mungu alimkunjulia mkono upande huo. Alitumwa nyumbani akamlete baba yake, na hakurudi shuleni tena. Mimi nikaanza kumbebea Kamusi mkoba. Nilikuwa naubeba kwa woga tu, na katika kuubeba huko tukawa marafiki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza na kurasa nyepesi. Ukurasa wa tatu, mama anamfunga mtoto chuma cha mguu. Ukurasa wa saba, mtoto juu ya paa. Karatasi inanyonya unyevu, wino unatambaa. Nimehamishia meza karibu na jiko.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Mchoro mmoja, umeharibika.

Jumatatu, 17 Machi

Barua ya Kamusi. Michoro sita ya kwanza imemfurahisha kupita kiasi. "Umejuaje kwamba mama alikuwa anapiga goti moja tu, la kulia? Ndugu yangu, una macho. Sasa nenda kwenye ukurasa wa kumi na tisa, usiuogope. Najua hata wewe uliumia siku ile. Nakumbuka niliangaza darasa zima, na wewe peke yako ndiwe ambaye hukucheka."

Ni kweli sikucheka. Mwizi hapigi kelele za mwizi, labda awe hodari sana wa wizi, na mimi sikuwa nimefikia huko. Nimeikunja barua nikaiweka chini ya chupa ya wino. Baadaye nikaitoa, nikaisoma tena.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kunyolewa.

Sijasema bado kwamba Masikio yuko mji huu huu. Ana duka la kunyoa mtaa wa pili kutoka kwetu, viti viwili, vioo viwili, redio moja inayoshika stesheni ikipigwa kofi. Baba yake alipomtoa shule alimpeleka kwa mjomba kinyozi. Ananinyoa mimi mwaka wa tisa sasa. Nilianza kwenda kwake nikidhani ni namna ya kutubu, kumpelekea kichwa changu kila baada ya wiki tano. Toba gani hiyo, mtu unatoka umependeza?

Kamusi ameniandikia kwamba mtundu wa ukurasa wa ishirini nimchore "alivyokuwa, masikio na yote, na sura yenye ushetani kidogo." Kwa hiyo leo nilikaa kitini nikimchunguza kwenye kioo.

"Mchoraji, mbona unaniangalia hivyo leo?" akasema. "Kama polisi anayenifananisha."

"Nakuangalia tu."

"Haya, tulia basi. Sikio lako nalihitaji hapa, nisije nikaondoka nalo."

Wateja wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari la rasimu, nikashindwa kumchora.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepata ujanja. Ukurasa wa kumi na tisa nimemchora mwalimu amesimama mbele ya ubao, kiwiliwili chake kimeufunika mchoro wote. Unaona kicheko cha watoto, humwoni korongo. Nimeutuma.

Ijumaa, 28 Machi

Kamusi: "Mwalimu umemnenepesha bure. Msogeze. Msomaji lazima aone nilichokiona."

Jumatano, 2 Aprili

Toleo la pili. Korongo wa kitoto, vijiti viwili na duara, kama vile wanavyochora watoto wadogo mchangani. Mke wangu amepita nyuma yangu na kikombe cha chai, akasimama.

"Huyo ndege kachorwa na nani?"

"Na mimi."

"Unaumwa?"

Nimeutuma hivyo hivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua haikati. Paa la chumba cha kazi linavuja sehemu mbili, nimeweka sufuria na beseni. Barua ya Kamusi ni ndefu leo. Nainakili, maana sitaki kujidanganya baadaye kwamba nilielewa vibaya.

"Hapana, ndugu yangu. Mchoro wa siku ile ungekuwa hivi, ningecheka na mimi. Ule mchoro ulikuwa mzuri. Mabaya ya utoto nimeyasahau mengi, lakini huo siwezi, kwa sababu aliyeuchora alikuwa amenitazama vizuri. Alijua ninavyoweka uzito kwenye mguu mzima. Alijua ninavyonyoosha shingo. Mpaka siku ile nilidhani hakuna anayenitazama kwa makini hivyo ila mama. Halafu nikaona kwamba yuko mtu amenitazama kama mama anavyonitazama, na alichokipata ni kichekesho. Chora hivyo. Ukiuchora vibaya, msomaji atajiuliza mtoto analilia nini."

Nimekwenda kusimama uani kwenye mvua kama mwendawazimu. Jirani akauliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia naangalia mifereji.

Ijumaa, 11 Aprili

Toleo la tatu, kwa mkono wa kushoto. Nilitaka uwe mzuri lakini usiwe wangu. Mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye mke na watoto, nimekaa nikiigiza mwandiko kama mwizi wa hundi. Mistari imetoka inatetemeka. Nimeutuma.

Jumanne, 15 Aprili

Kamusi: "Unakaribia. Lakini huyu anaogopa, na yule hakuogopa. Jaribu tena."

Chini yake ameandika: "Nilitaka kukushangaza kitabu kikitoka, ila nimeshindwa kunyamaza. Ukurasa wa mwanzo, penye maneno ya kutabaruku, nimeandika: Kwa yule ambaye hakucheka."

Naona aibu hadi nashindwa kukaa na mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilikwenda kwa Masikio ingawa nywele hazijafika. Sijui nilikwenda kufanya nini. Mvua ilikuwa imewafukuza wateja, tulikuwa wawili tu, redio inakoroma. Nikajikuta nimesema kwamba Kamusi anaandika kitabu cha utoto wetu.

Akazima mashine. "Kamusi? Yule wa mguu? Na mimi nimo?"

"Umo."

"Kweli?" Alifurahi jamani. Alijiangalia kwenye kioo, akajishika masikio yote mawili. "Mwambie aniweke mtu mzuri basi. Anavyonichukia yatosha, kitabuni anihurumie."

"Kwani anakuchukia?"

"Miaka thelathini hajanisalimu. Akija kwako anapita hapo barabarani, namwona, anageuza uso. Mimi simlaumu. Angejuaje?" Akawasha mashine, akazima tena. "Unajua siku ile nilikuwa zamu ya kufuta ubao? Nimeingia mapema, nakuta lile dude. Nikasema, huyu mtoto akiliona hili atakufa. Nikachukua kifutio. Nilianza na uso, kwa sababu uso ndio ulikuwa wake. Nikasema nikiutoa uso, watakuta ndege tu, ndege ni ndege. Nimefika kwenye shingo, mwalimu huyo mlangoni, watoto kadhaa nyuma yake. Mikono yangu myeupe."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ile fimbo ya kwanza mpaka ya nne nilikuwa nasema. Kuanzia ya tano nikaona nahifadhi pumzi."

Nilikuwa najua kwamba hakuchora. Kwamba alikuwa anafuta, sikuwahi kujua. Miaka yote hii nilijipa moyo kwamba alikuwa mtundu, kwamba angekamatwa kwa jingine hata kama si hilo. Nilimlipa nikatoka nikasahau mwavuli wangu dukani kwake.

Jumapili, 20 Aprili

Mke wangu ameniuliza, "Kinachokusumbua ni kazi au ni mtu?"

Nikamwambia yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Nilidhani atasema mlikuwa watoto. Nilikuwa nalisubiri neno hilo, nikubaliane nalo.

"Siku ya harusi yetu," akasema, "ni nani alisimama na wewe tangu asubuhi mpaka jioni, na mguu ule? Kila nikimpelekea kiti anakataa, anasema, shemeji, leo nasimama. Ulikuwa unamwangalia?"

"Nilikuwa namwangalia."

"Ukawa unafikiri nini?"

Nikainama kuokota punje za mchele zilizodondoka. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamsikitikia Kamusi. Halafu akaenda kukaa chumbani na mama yake kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikutaka kujua wanazungumza nini.

Jumanne, 22 Aprili

Nimechora toleo la nne. Nilipaka karatasi rangi nyeusi, nikachukua chaki, nikafumba macho kidogo, mkono ukaenda. Dakika kumi hazikufika. Mstari wa shingo umetoka vilevile. Nilitarajia kulia, badala yake nikahisi ile furaha ya jioni ile, hai kabisa, ikinisalimia kama jamaa wa zamani. Nilitamani kuuchana. Sikuuchana.

Barua nimeiandika mara tano. Ya tano ni hii:

"Kamusi, ukurasa wa kumi na tisa huu hapa. Sikuukisia. Ndio wenyewe, na naukumbuka kwa sababu niliuchora mimi. Masikio alikuwa anaufuta. Alianza na uso ili wasijue ni wewe. Mimi sikucheka kwa sababu niliogopa kukamatwa. Futa maneno ya mwanzo, na jina langu litoe kwenye jalada. Sikuombi unielewe. Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza niliyokubebea mkoba."

Mke wangu ameisoma, akasema tu, "Peleka kabla ya basi." Nikapeleka. Mkata tiketi akauliza kama mzigo una vitu vya kuvunjika, nikamwambia andika ndiyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna barua.

Jumatano, 30 Aprili

Hakuna. Mchapishaji amepiga simu kuuliza kurasa za kumi na tisa na ishirini ziko wapi. Nimemwambia muulize mwandishi. Akasema mwandishi kamwambia amuulize mchoraji.

Jumamosi, 3 Mei

Kama nimemwambia Kamusi, Masikio naye ana haki yake. Nilijikaza kisabuni nikaenda asubuhi, nikitumai atakuwa peke yake. Walikuwepo watu wawili wanasubiri. Nikakaa nao, zamu yangu ikafika, nikavishwa shuka. Nilingoja amalize upande wa kulia. Nilisema polepole, nikimwangalia kwenye kioo.

"Korongo yule nilimchora mimi."

Mashine iliendelea kuunguruma hewani, haijagusa kichwa. Kisha akaizima.

"Rudia."

Nikarudia.

Hakupiga kelele. Alikunja waya wa mashine mkononi, taratibu, mzunguko kwa mzunguko. "Baba aliniuliza mara moja tu, ni wewe? Nikasema siyo. Akaniamini pale pale. Ndiyo maana akanitoa. Alisema hawezi kumrudisha mtoto wake mahali anapopigwa kwa kosa la mwingine. Nilimlilia anirudishe, Mchoraji. Nilikuwa napenda hesabu mimi. Ningechapwa tena, ila nirudi kwenye hesabu."

"Nisamehe."

"Inuka."

"Bado upande mmoja," mteja mmoja akasema, mtu wa watu, akidhani tunataniana.

"Inuka, bwana," Masikio akaniambia. "Sijiamini na mashine hii mkononi."

Nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha, na nimepita mitaa miwili nikiwa nimenyolewa nusu kichwa, watu wakinipisha njia kwa heshima ya wendawazimu. Nyumbani mke wangu alinitazama, akachemsha maji, akachukua wembe akamalizia upande uliobaki bila kuuliza. Alinikata mahali pamoja nyuma ya sikio. Sijui kama ni bahati mbaya.

Jumatatu, 5 Mei

Hakuna barua. Nimemaliza mchoro wa ishirini na mbili. Mtoto anavuka mto. Ni mzuri, na haunipi raha.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua. Beseni limerudi jikoni.

Jumatano, 14 Mei

Imefika. Karatasi moja, pande zote mbili.

"Barua yako niliisoma darasani, wanafunzi wakifanya mtihani, ikabidi nitoke nje. Nimekaa wiki tatu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na unajua matusi ninayajua kwa wingi na kwa mpangilio.

"Mchoro niliutambua kabla sijasoma neno lako hata moja.

"Kitabu kitatoka. Ni changu, sitakizika kwa ajili yako. Ukurasa wa ishirini nimeuandika upya, mtoto anafuta. Ukurasa wa kumi na tisa, nataka aliyechora aonekane darasani, chaki mkononi, na uso wake wote. Usimgeuze mgongo. Usimfunike na mwalimu.

"Ukurasa wa mwanzo sasa unasema: Kwa yule aliyeanza na uso.

"Jina lako kwenye jalada linabaki. Ukitoka utakuwa umejificha mara ya pili, na safari hii kwa adabu.

"Kuna jambo nataka ulijue. Fimbo zile nilizifurahia. Nilisimama mbele nizione vizuri, na nikawa nataka ziongezwe. Hili nalo umenipa, nimelala nalo wiki tatu. Masikio nitamfuata mwenyewe.

"Msalimie shemeji. Nikija mjini nitalala kwingine."

Nimempa mke wangu asome. Aliposoma mstari wa mwisho alikwenda kutandua kitanda cha wageni, akafua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jumamosi, 17 Mei

Sina picha yangu ya miaka ile. Nimechora kwa kioo na kumbukumbu, kutwa nzima.

Mtoto wa kwanza niliyemchora alikuwa na huzuni. Macho chini, mabega yameanguka, ungemhurumia. Nikamchana. Wa pili alikuwa na woga. Huyo alikuwa wa asubuhi, Kamusi anamtaka wa jioni. Nikamchana naye. Wa tatu nimemchora alivyokuwa: mgongo ukutani, chaki mkononi, anautazama mchoro wake na anatabasamu. Meno yote nje. Mtoto mwenye furaha kuliko wote katika kitabu kizima.

Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Huyu mtoto simpendi," akasema.

"Hata mimi."

"Lakini ni wewe. Kicheko hicho nakijua, unakuwa nacho ukimaliza kazi nzuri." Kisha akauliza kama nimekula.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeutuma, pamoja na ukurasa wa ishirini. Mtoto wa ukurasa wa ishirini ana kifutio mkononi, na masikio yake nimeyachora taratibu, mstari kwa mstari. Sura haina ushetani wowote.

Alhamisi, 29 Mei

Mchapishaji kapiga simu, kurasa zote zimekamilika. Hakuna barua kutoka kwa Kamusi. Sikuitarajia, lakini kila basi la mchana likiingia nasikia honi yake kabla ya watu wengine.

Jumamosi, 7 Juni

Jua siku nne mfululizo. Nywele zimeota tangu ule wembe, na mke wangu amekataa kunigusa kichwa mara ya pili. Vinyozi wako wengi mjini. Nimetoka nyumbani nikijiambia nakwenda kwa mwingine, miguu ikanipeleka kule kule.

Duka lilikuwa limejaa. Nilisimama mlangoni, sikuingia. Masikio alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, miwani puani, ameshika karatasi kubwa ambazo hazijakatwa. Nilizijua kwa mbali, ni karatasi za kwanza za mtamboni. Kamusi amempelekea yeye. Alikuwa anawasomea wateja kwa sauti, kidole kikifuata mstari, polepole kama mtu aliyeacha shule mapema, na hakuna aliyemharakisha. Alisoma mpaka mtoto anachukua kifutio. Alisoma kwamba alianza na uso. Hapo akavua miwani akaifuta kwa shuka la mteja.

"Kwa hiyo huyo ni wewe?" mzee mmoja akauliza. "Umetiwa kitabuni, mtu mzima?"

"Ni mimi."

"Na hayo masikio kweli ni yako."

Wakacheka, naye akacheka. Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Kijana mwenye povu kidevuni akaiinua moja kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole juu ya uso wa mtoto mwenye chaki.

"Na huyu je? Huyu anayechekelea hivi ni nani?"

Masikio aliinua macho akaniona. Angeweza kusema simjui. Nilisubiri aseme simjui.

"Huyo ni yule pale mlangoni," akasema.

Wote wakageuka. Wakaitazama karatasi, wakanitazama mimi, wakaitazama tena. Kicheko kikakatika. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu na barabara ilikuwa kavu. Nikavua kofia ili waone vizuri, nikasimama pale wanitazame.